Mwalimu na Mboga za Pakiti

Mwalimu wetu wa sayansikimu hakuwahi kukata mboga juu ya ubao. Alikata mkononi, kama wanavyokata wanawake wengi wa huku Kilwa: majani yanaviringishwa, yanabanwa kwenye ngumi ya kushoto, na kisu kinapita mbele ya kidole gumba karibu mno, mpaka mgeni akitazama anavuta pumzi. Tofauti yake ni kwamba alikata kwa mshazari. Mboga yake ilidondoka sufuriani ikiwa nyembamba na ndefu, imelala upande. Mtu aliyewahi kula kwake alikuwa akiitambua popote, hata kwenye giza la umeme kukatika, kwa ulimi tu.

Nasema haya nikiwa mtu anayejua kukata. Nina stashahada ya usindikaji wa vyakula, niliyoipata Dar es Salaam kwa jasho langu. Mchana nilimenya viazi kwenye jiko la hoteli, jioni nilikaa darasani nikinuka vitunguu. Hakuna mjomba aliyenilipia ada, wala shamba la mikorosho lililouzwa kwa ajili yangu. Niliporudi Kilwa Masoko nilifungua supamaketi ya kwanza mtaani kwetu yenye friji la milango ya kioo, na ndani ya friji hilo nikaweka kitu ambacho watu hapa walikuwa hawajawahi kukiona: mboga za majani zilizooshwa, zikakatwa, zikafungwa kwenye pakiti, tayari kwa kuingia sufuriani. Wafanyakazi wa gesi wanaovuka kutoka Songo Songo wananifahamu. Watumishi wa ofisini wananifahamu. Nikipita, wanasema yule ndiye mwenye mboga za pakiti, na mimi sioni sababu ya kuinamisha kichwa.

Lakini kabla sijawa mtu wa kufahamika, nilikuwa mwanafunzi wa mama yule. Namwita Mwalimu tu, kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata marehemu mumewe alimwita Mwalimu, tena mbele za watu, na yeye akaitika bila kutabasamu.

Jambo moja mtaa mzima unalijua. Mumewe alipofariki, mwanawe Swalehe, mwenye nyumba yake Mbagala, Dar es Salaam, alikuja kumchukua. Alikuwa ameshamwandalia chumba, na kitanda ameshanunua. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya majirani waliokuwa wamekuja kuhani, "Siku utakayonikuta siwezi kujipikia chakula changu, nitapanda basi na wewe bila maneno. Kabla ya siku hiyo usinisumbue." Swalehe akakubali. Tangu hapo, kila alipokuja kumtazama mama yake, alianzia jikoni. Anafunua vyungu kabla hajakaa. Na Mwalimu, ambaye hakumwogopa mkaguzi wa shule hata mmoja maishani mwake, alianza kumwogopa mkaguzi aliyemzaa mwenyewe.

Sokoni alikuwa na vita. Kuna akina mama wanaouza mboga jioni wakiwa na visu vyao. Unachagua fungu la sukuma wiki au la majani ya maboga, unaomba ukatiwe, wanakukatia hapohapo huku wakipiga soga. Wengine huwa na mifuko iliyokwisha kukatwa, kwa ajili ya wenye haraka. Hiyo mifuko ndiyo Mwalimu hakuweza kuivumilia. Alikuwa na usemi wake: "Mboga iliyokatwa haina uso. Humwoni mdudu, huoni njano, huoni ilichumwa lini."

Siku moja, nikiwa mdogo nimembebea mama yangu kapu, nilimwona akichukua mfuko mmoja, akaumwaga wote juu ya gunia la muuzaji, akaanza kuchambua kwa kidole mbele ya wateja.

"Hii njano hii, ni ya nini?"

"Mwalimu, hiyo ni kikonyo," akasema muuzaji.

"Kikonyo cha njano?"

"Basi Mwalimu nunua nzima ukajikatie kwako. Tuachie sisi hawa wenye njaa."

Soko likacheka. Na Mwalimu, tuliyedhani atawaka, akacheka pia, akanunua mafungu mawili ambayo hayajakatwa, akamwacha yule mama akiokota majani yake moja moja na kuyarudisha mfukoni. Baadaye nilisikia kwamba walikuwa marafiki wa miaka mingi, na kwamba mzozo ule walikuwa wakiufanya karibu kila wiki. Wateja walikuwa wanakuja kuusikiliza, na mama yule aliuza zaidi siku ambazo Mwalimu alipita.

Darasani hakuwa na mzaha huo. Wavulana tulifundishwa kupika sawasawa na wasichana, jambo ambalo baba zetu hawakulipenda. Baba wa rafiki yangu mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba mwanawe anafundishwa kuwa mpishi. Mwalimu akamkaribisha kiti, akampa bakuli la matembele tuliyoyapika, akamwambia ale kwanza ndipo walalamike pamoja. Mzee akala. Akaomba aongezwe. Malalamiko yalibaki pale mezani na bakuli.

Sheria yake kubwa ilikuwa kuosha kabla ya kukata. "Ukikata kwanza ukaosha baadaye, umelisha karo la maji machafu," alisema. Alitusimamisha mstari, kila mtu na jani lake, tulioshe mbele na nyuma, tulikung'ute, ndipo tuguse kisu. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote, na nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mtihani wa kukata alichukua sukuma yangu, akaiinua dirishani ili mwanga upite katikati, akaitazama muda mrefu.

"Huyu," akawaambia wenzangu, "ataoa mke mvivu, maana kazi yote ataifanya yeye."

Walinicheka mwezi mzima. Lakini ile sukuma hakuimwaga. Aliipika kwake usiku ule, nami nilijua kwa sababu tulikuwa majirani na harufu ya tui lake haikuwa na mpaka.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza kwake tangu utotoni. Mtu huyuhuyu aliyesema kununua mboga iliyokatwa ni uvivu, hakuwahi kutwanga kisamvu. Nyumbani kwake palikuwa na kinu kizuri, na kazi yake ilikuwa kukaliwa na paka. Kisamvu alikinunua kimeshatwangwa, kimefungwa kwenye jani la mgomba, kutoka kwa mama mmoja aliyetwanga kila asubuhi mpaka mtaa ukamwita Mama Kinu. Nazi nazo, mtu mzima yeye, alikuniwa na binti wa jirani kwa miaka mingi. Niliwahi kumwuliza, nikiwa nimeshakuwa kijana na nimeanza kujiona.

"Mwalimu, kisamvu cha Mama Kinu kina uso?"

Akanitazama. "Mama Kinu namjua. Uso wake unatosha."

Na ukifikiri vizuri, huku kwetu hakuna mtu anayeona aibu kununua kisamvu kilichotwangwa. Hakuna anayesema mke wa fulani hajui kupika kwa kuwa nazi amekuniwa. Lakini ukatiwe mchicha, mawifi watakuita majina. Kwa nini kazi moja mtu asaidiwe na nyingine asisaidiwe, hakuna aliyewahi kunieleza, hata chuoni.

Barazani kwake ndipo mboga zilipochambuliwa. Majani ya maboga yana nyuzi, lazima zimenywe moja moja kuanzia kwenye kikonyo, na ni kazi ya kukaa. Majirani walikuja kila mmoja na ungo wake. Darasani Mwalimu hakutaka kusikia hata mnong'ono, lakini pale barazani alikuwa wa kwanza kusema na wa mwisho kunyamaza. Pale zilichunguzwa posa. Pale wawili waliogombana walikalishwa ungo mmoja, wamenye pamoja mpaka waishiwe ama majani ama hasira. Mama yangu na shangazi yangu walipatanishwa na rundo la majani ya maboga lililoletwa kwa makusudi likiwa kubwa kupita kiasi. Mimi najua, kwa sababu ndimi niliyetumwa kulileta.

Kwenye misiba na maulidi alikuwa kamanda. Wanawake walikuja na visu vyao kutoka nyumbani, kila mmoja kakiviringisha kwenye kanga. Mwalimu aliwagawa: hawa kabichi, hawa vitunguu, hawa karoti. Alitembea katikati yao akitazama mikono. Alikuwa anaweza kuokota kipande cha kabichi kwenye sinia na kusema kimekatwa na nani, na mwenyewe akakiri kwa aibu au kwa majivuno. Kila mtu alikuwa na mkono wake, kama sauti. Siku hizi misiba mingine inaagiza mpishi wa kukodi anayekuja na mashine ya kukatia, na kabichi yote inatoka na mkono mmoja, ambao si wa mtu. Mimi nauza mashine hizo pia. Lakini nikiwa peke yangu nakumbuka yale masinia, na sauti ya visu vingi vikipita pamoja, na huyo mama akiwa katikati amefunga kanga kiunoni.

Nilipofungua supamaketi, alikuja siku ya kwanza kabisa, kwa mguu, kwenye jua. Wateja walikuwa wamejaa. Nikamwamkia kwa sauti, ili watu wajue ni nani aliyenifundisha.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, bwana Diploma." Jina hilo ndilo alilonipa tangu niliporudi, na halikuwa sifa tupu. Akafungua friji, akatoa pakiti ya sukuma, akaisogeza karibu na macho. "Hii bei, ni ya pakiti hii moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa pesa hii nanunua sukuma ya kulisha nyumba siku tatu. Huu ni wizi uliopigwa muhuri."

Wateja wakatega masikio. Sikutetereka. Nilimweleza kama nilivyojifunza: kuna maji safi humo, kuna mshahara wa wasichana wawili wanaokata, kuna umeme wa friji, kuna majani mabovu niliyoyatupa ili yeye asiyaone. Kuna saa nzima ya mtu aliyerudi kutoka kazini amechoka. Nikamwambia, kwa fahari, kwamba mimi naosha kabla ya kukata, na kwamba hakuna duka lingine pwani hii linalofanya hivyo.

Akanisikiliza kama alivyomsikiliza Swalehe, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unawauzia watu muda wao wenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Na wanaununua."

"Wanaununua," akarudia, akairudisha pakiti mahali pake, ikiwa imenyooka mstarini na wenzake. "Nene hizi. Za kulisha ng'ombe." Akaondoka na kiberiti.

Niliuza vizuri sana siku ile. Watu walitaka kuonja wizi uliopigwa muhuri.

Sijui ni lini hasa mikono yake ilianza kumwacha. Nilihisi mara ya kwanza kwenye msiba wa jirani yetu, mwaka juzi. Alikuwa kamanda kama kawaida, anagawa watu, anakosoa vitunguu. Lakini mwenyewe hakuwa na kisu. Wanawake hawakuona, kwa kuwa anayetoa amri hatazamwi mikono. Mimi niliona, kwa sababu mimi namtazama mkataji kama fundi cherehani anavyotazama mishono ya watu. Mkono wake wa kushoto aliuficha ndani ya kanga muda wote.

Kisha mwaka jana, baada ya adhuhuri, saa ambayo duka huwa halina mtu, akaingia. Nilikuwa nimeegemea kaunta. Nikasimama wima kama niko gwaride.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Swalehe anakuja Jumapili."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Akatoa mkono wa kushoto kwenye kanga, akauweka juu ya kioo cha kaunta, akajaribu kufumba ngumi. Vidole vilisogea kidogo, vikatetemeka, vikasimama. Palibaki nafasi ambayo embe dogo lingekaa.

"Unaona? Mwisho wake hapa. Kuchochea naweza. Kusonga naweza, mkono wa kulia mzima. Moto nawasha. Lakini tita la majani halibaniki. Jana nimekata majani ya maboga yametoka kama yameliwa na mbuzi. Akiyaona hayo, tayari nipo Mbagala."

"Mwalimu, ningekuletea nyumbani, hukuwa na haja ya kutembea."

"Ningetuma mtu, mtaa ungejua." Akatazama friji, si mimi. "Nataka majani ya maboga. Ukate wewe, si wasichana wako, si mashine. Mkononi. Unakumbuka?"

"Kwa mshazari."

"Na karatasi yako yenye jina la duka usiibandike."

Nikamwambia sichukui pesa. Akanikata jicho lile la darasani. "Bei hii niliiita wizi mbele ya watu. Leo nailipa nikiwa na wewe tu. Chukua, usinidhalilishe mara mbili."

Nikachukua.

Jumapili asubuhi nilimenya zile nyuzi mwenyewe, nikaosha majani, nikayakung'uta, nikaviringisha tita, nikabana ngumi. Nilikuwa na miaka mingi sijakata mkononi. Hotelini wanakufukuza ukifanya hivyo. Lakini mkono ulikumbuka. Nikatazama yalivyodondoka, na bila kujisifu niseme kwamba hata yeye enzi zake hakukata vizuri zaidi. Nilipompelekea, kupitia mlango wa uani, akaitazama ile mboga, akasema, "Njoo ule na sisi adhuhuri." Nadhani alitaka kuwa na mtu wa upande wake.

Nilipofika, Swalehe alikuwa ameshafika na basi la asubuhi. Ni mtu mpole, ana mvi kuliko mimi. Kando ya mlango alikuwa ameweka begi kubwa, na lilivyolegea lilionekana halina kitu. Mwalimu alikuwa ameliona pia. Alisonga ugali mbele yetu, mwiko mkononi, jasho likimtiririka, hakukubali kusaidiwa. Tui la nazi lilinukia mpaka barazani.

Tukanawa, tukakaa mkekani, tukasema bismillahi. Swalehe akamega tonge, akachota mboga, akala. Kisha akainua kidogo ile mboga kwenye vidole, akaitazama.

"Mama," akasema, na sauti yake ililainika, "mkono wako haujapotea. Mshazari uleule. Mimi nilikuja nikiwa na wasiwasi."

Mimi nikatazama ugali. Nilichotakiwa kufanya ni kutafuna tu, na Mwalimu angebaki kwake. Hata yeye alichotakiwa kufanya ni kutafuna.

Hakutafuna. Aliweka tonge lake kando ya sahani.

"Si mkono wangu," akasema. "Kakata huyu. Nimenunua dukani kwake, kwa bei mbaya sana. Wangu ni huu." Akautoa ule mkono wa kushoto kwenye kanga, akauweka juu ya mkeka mbele ya mwanawe.

Swalehe akautazama. Akaushika kidogo, akaugeuza, akajaribu kuvikunja vidole taratibu. Vikagoma.

"Kumbe hujipikii tena, Mama."

"Najipikia. Ugali huo kasonga nani? Moto kawasha nani? Tui limekaa hivyo kwa kuchochewa na nani?"

"Lakini mboga—"

"Mboga nini? Wewe umelelewa na kisamvu cha Mama Kinu. Nilikinunua kimetwangwa, ukala, ukakua, ukanenepa. Uliwahi kuniambia sijakupikia? Nazi nakuniwa tangu hujaota meno. Leo kukata tu ndiko kumekuwa kupika?" Alikuwa anasema kwa sauti ya darasani, lakini macho yake hayakuwa ya darasani. "Nilikuahidi siku nikishindwa kujipikia. Sijashindwa. Nimenunua ngumi, basi. Nyingine zote ninazo."

Nje jirani alikuwa anaita kuku. Swalehe alibaki ameshika mkono wa mama yake, na nilimwona akitazama lile begi, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Kaka, duka lako linafunguliwa kila siku?"

"Kila siku. Ijumaa tunafungua baada ya swala."

"Na mtu akiwa Dar anaweza kulipia, Mama akachukua huku?"

"Anaweza. Kwa simu."

"Nitakwenda kuchukua mwenyewe," akadakia Mwalimu. "Miguu haijasema kitu."

Swalehe akapangusa vidole, akatoa simu mfukoni, akaniomba namba ya duka. Nikamtajia.

"Mtajie na bei," akasema Mwalimu. "Asije akazimia huko basini."

Nikaitaja. Swalehe akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amelirudia tonge lake na kulichovya kwenye mboga, kisha akaiandika bei ile kwenye simu.